Kufa Ili Mama Atabasamu

Mwishoni mwa The Reason I Jump, kitabu cha Naoki Higashida, kuna hadithi fupi ambayo wahakiki wengi huiruka. Wanaongea kuhusu yale maswali 58, wanaongea kuhusu umri wa mwandishi, wanabishana kama kweli aliandika mwenyewe, halafu wanafunga daftari. Hadithi inabaki pale nyuma kama mgeni aliyefika sherehe wakati viti vinapangwa. Nami niliiruka mara ya kwanza. Nilikuwa nasoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka, ndani ya matatu kutoka tao kwenda Umoja, na maswali yalipoisha nilidhani kitabu kimeisha.

Aliyenirudisha ni mamangu. Jioni moja aliniuliza hicho kitabu ninachokitaja kila siku kinasema nini hasa kuhusu ndugu yangu. Ndugu yangu mdogo ana miaka 17, ana usonji, na haongei. Si ati anaongea kidogo. Haongei. Nikamwambia mama nitamtafsiria sehemu, yeye achambue maharagwe na mimi nisome. Sijui kwa nini nilichagua hadithi badala ya maswali. Labda kwa sababu mama anapenda hadithi, na maswali anayo ya kwake ya kutosha.

Kwanza kitabu chenyewe, kwa yule ambaye hajakutana nacho. Higashida alizaliwa Japani mwaka 1992. Mama yake alimtengenezea ubao wa herufi, na kwa kugusa herufi moja baada ya nyingine akaanza kutunga sentensi. Alikiandika kitabu akiwa na miaka 13, kikachapishwa kwao mwaka 2007. Mwaka 2013 kikatoka kwa Kiingereza, kimetafsiriwa na KA Yoshida na mumewe David Mitchell, yule mwandishi wa riwaya, ambao wana mtoto mwenye usonji. Baada ya hapo kikaenda dunia nzima, lugha zaidi ya 30.

Muundo wake ni wa maswali na majibu. Kwa nini mnarudia maneno? Kwa nini hamtuangalii machoni? Kwa nini mnaruka? Kijana anajibu kwa upole unaoshangaza, swali baada ya swali. Ni kitabu kizuri, na sitaki baadaye mtu aseme nilikidharau. Kuna kurasa kuhusu maji, kuhusu wakati usioshikika, kuhusu kumbukumbu zinazokuja zote kwa pamoja bila foleni, ambazo nilizisoma nikaweka simu chini nikaangalia nje ya dirisha hadi nikapitishwa stage yangu.

Lakini hebu tuangalie mpangilio. Anayeuliza ni nani? Ni sisi, au tuseme ni nyinyi, watu wa "kawaida". Anayejibu ni mtoto. Hakuna hata mara moja ambapo yeye anauliza na upande ule mwingine unajieleza. Kwa nini mnasema "tutaonana kesho" na hamwonani? Kwa nini mnauliza "habari" na hamtaki habari? Mwanasosholojia Mwingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: mwenye usonji anashindwa kumsoma asiye nao, na asiye nao anashindwa vilevile kumsoma mwenye nao, ila mmoja tu ndiye anayeitwa mgonjwa. Kitabu cha Higashida ni kama mahojiano ya polisi yaliyofanywa na watu wenye tabia njema. Mshukiwa anapewa chai, lakini bado ni mshukiwa.

Halafu kuna lile "sisi". Higashida anajibu kwa niaba ya wote: sisi watu wenye usonji tunaona hivi, sisi tunahisi vile. Mtoto wa miaka 13 amebebeshwa taifa zima. Najua kwa nini alifanya hivyo, na najua kwa nini wazazi wanalipenda hilo "sisi", kwa sababu linawapa ufunguo wa mlango wa mtoto wao wenyewe. Mamangu alilipenda. Ila ndugu yangu maji hayapendi hata kidogo. Siku ya kuoga ni vita. Ukimsoma kupitia Higashida utapata nusu yake, na nusu nyingine utaibuni.

Kuna swali zito zaidi, la nani aliandika. Watafiti kadhaa wametilia shaka, wakisema sauti ya kitabu ni laini mno, inafanana mno na kile ambacho mzazi angetamani kusikia. Shaka hiyo haitoki hewani. Mbinu ya mtu kumshikia mwenye usonji mkono ili aandike ilipimwa tangu miaka ya 1990, na mara nyingi ikaonekana maneno yanatoka kwa anayeshika mkono. Chama cha wataalamu wa matamshi na lugha cha Marekani, ASHA, kilitoa msimamo mwaka 2018 kuikataa, pamoja na mbinu nyingine iliyo karibu nayo ambapo msaidizi hushika ubao. Mitchell kwa upande wake anasema Higashida huonyesha herufi mwenyewe bila kuguswa. Mimi siwezi kuamua nikiwa Umoja. Ninachojua ni kwamba jambo hili si la wasomi kurushiana majarida. Kama sauti si yake, basi kijana asiyeongea ameibiwa hata ukimya wake. Na kama ni yake, basi kila anayeikana anamnyamazisha mara ya pili. Yeyote anayeongea kuhusu kitabu hiki bila kuhisi uzito wa pande zote mbili, mimi simwamini sana.

Mwaka 2020 Jerry Rothwell alitengeneza filamu kutokana na kitabu, yenye jina lilelile, ikashinda tuzo ya watazamaji kule Sundance. Higashida mwenyewe haonekani ndani. Badala yake tunafuata vijana watano: Amrit, mchoraji wa India, Joss wa Uingereza, Ben na Emma, marafiki wa tangu utotoni huko Virginia, na Jestina wa Freetown, Sierra Leone. Filamu inafanya kitu ambacho kitabu hakiwezi, nacho ni sauti. Feni, mvua, hatua za viatu, vyote vinakuja masikioni kwa ukubwa uleule, hakuna kinachojua kusubiri nyuma ya kingine. Kuna sehemu Joss anavutwa na masanduku ya umeme ya barabarani kwa sababu anayasikia yakiimba. Hapo nilisimamisha filamu. Ndugu yangu ana transfoma yake, iko kwenye nguzo karibu na kibanda cha mama mboga, na kwa miaka tumekuwa tukimvuta mkono tukisema twende, hapa hakuna kitu. Kumbe kuna kitu.

Sehemu ya Freetown ndiyo niliyoingoja, na ndiyo iliyonisumbua. Wazazi wa Jestina wanasimulia maneno ya watu: mtoto ana shetani, mtoto amerogwa. Nimeyasikia yote hayo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya bibi yangu. Wazazi hawa wanapambana hadi shule inafunguliwa, na hiyo ni habari njema ya kweli. Lakini mtazamaji asitoke pale akidhani ushirikina ni mali ya Afrika. Mwaka 1967, kule Chicago, Bruno Bettelheim alichapisha The Empty Fortress akiwalaumu akina mama kuwa baridi yao ndiyo inayowafungia watoto ndani. Hakuna mizimu humo, kuna profesa mwenye tai, na akina mama wengi walibeba lawama hiyo kwa miaka. Nako Vienna, utafiti wa mwanahistoria Herwig Czech uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba Hans Asperger, yule ambaye jina lake watu walijiita kwa fahari, alishiriki kuwapeleka watoto Am Spiegelgrund, mahali ambapo watoto walemavu waliuawa chini ya Wanazi. Mganga wa kijijini hana faili kama hizo.

Turudi kwenye hadithi. Nitaisimulia kwa kifupi. Mvulana anayeitwa Shun anagundua kwamba amekufa. Anaweza kuwaona wazazi wake, lakini wao hawawezi kumwona wala kumsikia. Anakwenda mbinguni, kuna furaha huko, lakini mama yake amevunjika kabisa kwa huzuni na Shun hawezi kustahimili kumwona hivyo. Mwishowe anakubali kurudi duniani kuwa mtoto mwingine wa wazazi walewale. Gharama yake ni kwamba hatakumbuka kitu. Shun atakwisha. Mama atapata mtoto, na atatabasamu tena.

Higashida anasema aliiandika ili tuelewe uchungu wa kushindwa kujieleza kwa watu unaowapenda. Wasomaji wanaipokea hivyo: roho isiyosikika ni mtoto asiyeongea. Sawa, hiyo ipo, na ni nzuri. Ila mimi naona kitu kingine, na sijui kwa nini watu wazima wote hawa walikipita. Huyu ni mtoto wa miaka 13 mwenye usonji anayeota njia ya kumfurahisha mama yake, na njia aliyoipata ni kuondoka na kubadilishwa. Anatoka yeye, anaingia mwingine. Hadithi inaliita hilo upendo, na nadhani mwandishi naye aliamini ni upendo.

Mwaka 1993 Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaandikia wazazi insha iitwayo Don't Mourn for Us. Hoja yake, kwa maneno yangu: mzazi akisema natamani mtoto wangu asiwe na usonji, kile anachosema kweli ni kwamba anatamani huyu asiwepo na awepo mwingine, na mtoto anasikia. Hadithi ya Shun ni insha ya Sinclair ikisimuliwa na mtoto aliyesikia. Tofauti ni kwamba Sinclair alikasirika. Higashida alitii.

Niliposoma mwisho, mama alikuwa amesimamisha mikono juu ya sinia.

"Na huyo mama alijua ni yeye amerudi?"

"Hapana. Hata mtoto mwenyewe hajui."

"Basi amerudi kufanya nini?"

Sijawahi kusoma uhakiki mkali kuliko huo. Akaendelea kuchambua kidogo, akatupa jiwe, halafu akasema polepole, bila kuniangalia: "Mimi niliomba hivyo."

Nilijua. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja wakati huo, pazia katikati, na mama huomba kwa sauti. Usiku alikuwa anamwambia Mungu ampe mtoto mwingine ndani ya mwili ule ule, amwondoe huyu anayepiga kichwa ukutani amletee yule aliyepaswa kuja. Alikuwa amechoka, na baba alikuwa ameshaenda zake. Simlaumu. Lakini nyuma ya pazia tulikuwa wawili tunaosikia. Mmoja haongei, na watu husahau kwamba asiyeongea ana masikio.

Wa pili nilikuwa mimi. Niseme hili haraka kwa sababu si mada, ingawa labda ndiyo mada. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sina karatasi ya digrii, na karatasi ya daktari pia sina, maana bei ya kupimwa nikiwa mtu mzima ilikuwa kodi yangu ya miezi kadhaa. Nina tu maisha ya kuigiza watu wengine kwa makini sana, kujifunza kucheka sekunde moja baada yao, kufika chumbani na kulala na viatu. Muhula wa mwisho sikuwa natoka. Mshauri nasaha niliyetumwa kwake aliniuliza ninajisikiaje, kutoka moja hadi kumi. Nilitumia nusu saa nikijaribu kuelewa kumi ni nini, huku taa ya dari ikinguruma juu yetu. Akaniandikia nijichanganye na watu. Yaani dawa ya kuchoka kuigiza ni kuongezewa jukwaa.

Kuna takwimu moja ninaitembeza kichwani. Mwaka 2014 The Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti wa watu wazima 374 waliotambuliwa kuwa na Asperger wakiwa wakubwa, katika kliniki moja ya Uingereza. Asilimia 66 walisema wamewahi kufikiria kujiua. Asilimia 35 walikuwa wamepanga au kujaribu. Hao ni watu waliofika kliniki. Sasa mwangalie Shun tena, halafu uniambie hiyo ni hadithi ya mbinguni tu.

Na hapa ndipo kitabu na filamu, pamoja na uzuri wake wote, vinaniacha nusu njia. Vyote viwili vinataka kumthibitishia mtazamaji kwamba ndani ya mtu huyu kuna mtu. Higashida ni mshairi, Amrit ni msanii, Ben na Emma wanaandika kama wanafalsafa. Ushahidi umekamilika, mshukiwa ameachiliwa. Na yule ambaye hachori? Ndugu yangu hatatoa kitabu. Ubao wa herufi tulimjaribishia, akaulamba, akaupanga pamoja na vifuniko vya soda. Kama thamani yake inangoja kipaji, itangoja sana. Wenzetu wanaoongea kuhusu uanuwai wa bongo walianzia hapo miaka ya 1990, kwamba aina nyingi za akili ni jambo la kawaida la binadamu, haihitaji udhamini wa kipaji. (Kiswahili bado kinatafuta neno lake. Nikisema "uanuwai wa bongo" mbele ya marafiki zangu wanadhani naongelea muziki wa Tanzania.)

Tena filamu haikai sana na uchovu. Inaonyesha dhoruba, kelele, mtoto kuanguka chini na kulia, kwa sababu dhoruba inaonekana kwenye kamera. Msongo wa miaka hauonekani. Mtu anayelala na viatu si picha nzuri. Hapo nakipendelea kitabu kingine cha Higashida, Fall Down 7 Times Get Up 8, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2017, alichokiandika akiwa kijana kati ya miaka 18 na 22. Kinarukaruka, kina vipande visivyofanana, na hakikusifiwa kama The Reason I Jump. Lakini lile "sisi" limepungua. Kuna "mimi" mle, mimi anayechoka, anayechukizwa na jinsi watu wanavyoongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni samani. Kama unataka kuanza mahali, anza na hicho, hata kama maduka yatakuuzia kile kingine.

Msaada wa kweli ungekuwaje? Si siri kubwa. Uingereza, mwongozo wa NICE wa mwaka 2012 kwa watu wazima wenye usonji unawaambia wataalamu wabadilishe tiba ya mazungumzo: waandike mambo badala ya kuyasema tu, watumie lugha ya moja kwa moja, waweke mapumziko, wamhusishe mtu wa karibu kama mwenyewe anataka. Kuzima taa inayonguruma hakuhitaji bajeti ya serikali. Kwetu, Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Nilifurahi kweli. Hadi hapo, mtu kama mimi wa mwaka wa tatu angeweza kuamka hospitalini akiwa na pingu. Lakini kutofungwa si sawa na kusaidiwa, na ndugu yangu, ambaye kitengo chake maalum cha shule ya msingi kilimwambia amekuwa mkubwa, anashinda nyumbani sasa. Hakuna anayemuuliza kutoka moja hadi kumi. Hakuna anayedhani ana huzuni. Akiacha kula tunapewa dawa ya minyoo.

Mwezi jana aliacha kula siku nne. Mama hakumpeleka kwa dawa. Alimshika mkono wakaenda hadi kwenye ile nguzo, na waliporudi giza lilikuwa limeingia. Nilimuuliza walikuwa wanafanya nini muda wote huo. Akasema walikuwa wanasikiliza.

"Ulisikia?"

"Mimi? Sikusikia kitu," akasema, akavua viatu. "Kesho utanisomea kile kingine, kile cha ukubwani."

Siku hizi anaomba kimyakimya. Sijui anaomba nini.